Quincy Jones, mtu wa karatasi

Mwenyekiti, wazee wangu wa bendi mliokaa hapa mbele, na ninyi wanangu wa studio mliojibanza kule nyuma karibu na mlango: shikamooni, hamjambo, na mambo vipi. Kila mtu achukue salamu inayomtosha.

Mshereheshaji amesema nimekuja kumzungumzia prodyuza wa Michael Jackson. Hakukosea. Ila ni sawa na kumtambulisha fundi aliyejenga mtaa mzima kwa kusema, "Ndiye huyu aliyepaka rangi ile nyumba ya kona." Quincy Jones alipoanza kufanya kazi na Michael alikuwa mtu wa miaka 45. Alikuwa ameshaiandikia bendi kubwa ya jazi ya Count Basie, ameshaongoza okestra nyuma ya Frank Sinatra, ameshatunga muziki wa filamu kwa zaidi ya miaka 10, ameshapasuliwa kichwa mara mbili, na ameshahudhuria tamasha lililoandaliwa kumwomboleza yeye mwenyewe. Hilo la mwisho nitalifikia, msiwe na haraka.

Neno prodyuza lenyewe ndilo linalotuponza. Sisi tukilisema tunamwona kijana mbele ya kompyuta, biti anazo tayari, msanii anakuja kuingiza sauti na kuondoka. Quincy alikuwa mtu wa karatasi. Alikaa na penseli na karatasi ya mistari mitano mitano, akaamua tarumbeta ya pili itapuliza nini wakati ya kwanza imenyamaza, na saksafoni nne zitaingia wapi ili zisimfunike mwimbaji. Kazi hiyo tunaiita kupanga muziki, na ukiifanya vizuri hakuna anayejua kwamba imefanywa. Watu husema tu wimbo ni mtamu. Mimi niliifanya kwa kiwango changu cha chini, nikinakili noti za wapulizaji usiku kucha ili asubuhi wapige mazoezi, na hadi leo sijasikia mtu ametoka dansini akisifia mwandiko wangu.

Alizaliwa Chicago, upande wa kusini wa jiji, tarehe 14 Machi 1933. Baba yake alikuwa seremala, na wateja wake walikuwa pamoja na majambazi waliotawala mitaa ile. Mama yake aliugua akili. Quincy akiwa mtoto wa miaka kama saba aliona mama yake akifungwa na kuchukuliwa kupelekwa hospitali, na hakupata tena mama wa nyumbani. Yeye na mdogo wake Lloyd walipelekwa kwa bibi yao Louisville, Kentucky, bibi aliyezaliwa utumwani. Ufukara wa nyumba ile Quincy aliusimulia mara nyingi bila kuupamba: waliwahi kupikiwa panya. Alisema bibi alijua kuwakaanga na vitunguu.

Mwaka 1943 baba aliwahamishia wanawe Bremerton, jimbo la Washington, ng'ambo kabisa ya nchi, akapata kazi kwenye kiwanda cha meli za kivita. Huko Quincy alikuwa mwizi mdogo. Sisemi kwa kumkashifu, mwenyewe alijisema. Akiwa na miaka 11 hivi, yeye na wenzake walivunja mlango wa jengo la burudani la mtaa wao kwa sababu walisikia kuna shehena ya pai za ndimu na aiskrimu. Wakala mpaka wakaanza kurushiana. Kisha kila mtoto akaenda kuchungulia vyumba kivyake. Quincy akafungua mlango mmoja, gizani akaona kinanda cha piano kona ya chumba. Akaufunga mlango. Alishaanza kuondoka, akarudi. Akaenda polepole, akagusa.

Hapo mimi husimama kidogo kila ninapoisimulia. Mlango ulishafungwa, mtoto alishashiba, wenzake wanamwita. Angeweza kwenda zake.

Baada ya hapo alijaribu kila chombo shuleni, mpaka akatua kwenye tarumbeta. Familia ilipohamia Seattle, akiwa na miaka 14, alikutana na kijana wa miaka 16 aliyekuja peke yake kutoka Florida, kipofu, ana chumba chake, ana suti zake, anapiga piano na anaimba klabuni. Huyo ndiye Ray Charles. Jamani, fikirieni: mtu wa kwanza kumfafanulia Quincy jinsi sauti za wapulizaji zinavyopangwa juu ya karatasi alikuwa kijana asiyeona karatasi. Aliyashika yote kichwani, sauti moja baada ya nyingine, akamwonyesha kwenye piano. Urafiki wao haukukatika mpaka Ray alipofariki mwaka 2004.

Naye Clark Terry, mpiga tarumbeta wa Basie, alipopita Seattle, mtoto alimfuata kuomba darasa. Tatizo ni saa. Mwalimu anamaliza kupiga usiku wa manane, mwanafunzi anaingia shule asubuhi. Quincy akaomba aje alfajiri saa kumi na mbili, kabla ya masomo. Na Terry, aliyekuwa hajalala vya kutosha, akakubali. Shikeni jina hilo, litarudi.

Akiwa na miaka 15 alimwonyesha Lionel Hampton, kiongozi wa bendi ya jazi, utunzi wake, na Hampton akamwambia apande basi la bendi waende. Quincy hakuaga vizuri nyumbani. Akawahi kwenye basi kabla ya mtu yeyote, akakaa kimya kwenye kiti chake kama mzigo, akiogopa asije mtu akabadili mawazo. Akaja mke wa Hampton, Gladys, aliyekuwa ndiye mwenye kushika mfuko na nidhamu ya bendi. Akamwona. Akauliza huyu mtoto anafanya nini humu, akamteremsha, akamwambia arudi shule. Mimi namshukuru mama yule kwa niaba ya muziki wote, ijapokuwa naamini Quincy siku ile alimlaani. Alisoma, akapata nafasi chuo cha muziki Boston, na mwaka 1951 Hampton akamwita tena. Safari hii Gladys hakumshusha.

Miaka ya bendi sitaipitia yote. Alizunguka Ulaya na Hampton mwaka 1953. Mwaka 1956 Dizzy Gillespie alipotumwa na serikali ya Marekani kupeleka jazi Mashariki ya Kati na Amerika ya Kusini, aliyeikusanya bendi na kuipangia muziki ni Quincy, ana miaka 23. Mwaka uliofuata akahamia Paris, akafanya kazi kwenye kampuni ya rekodi huku akisoma kwa Nadia Boulanger, yule mama aliyefundisha watunzi wa nusu ya dunia. Alichokuwa akikikumbuka kwake ni hesabu moja: noti ni 12 tu, basi nenda kachunguze kila aliyetangulia alizifanyia nini hizo 12. Bach anazo hizo hizo. Basie anazo hizo hizo. Mwanafunzi wa namna hiyo hawezi tena kuudharau muziki wa mtu, na ukifuatilia maisha yake utaona hakuudharau. Mwaka 1963 huyu huyu mwanafunzi wa Boulanger alisimamia wimbo wa msichana wa miaka 16, Lesley Gore, anayelia kwenye sherehe yake mwenyewe, ukafika namba moja Marekani. Wenzake wa jazi wakanung'unika kwamba ameuza roho.

Lakini waliokuwa wananung'unika hawakuijua njaa aliyotoka nayo Ulaya. Mwisho wa mwaka 1959 aliipeleka bendi yake huko pamoja na mchezo wa jukwaani wenye muziki, ili baadaye waingie nao Broadway, kwenye majumba makubwa ya maonyesho ya New York. Bendi ya moto. Clark Terry, yule yule wa alfajiri, aliiacha bendi ya Duke Ellington akaenda kukaa chini ya mwanafunzi wake. Mchezo ukafa Paris mapema mwaka 1960. Mwenye akili angewakatia watu tiketi za kurudi. Quincy akasema bendi kama hii haivunjwi, akaizungusha Ulaya karibu miezi 10, wanamuziki 18, wake zao, watoto, hata mbwa, kutoka mji hadi mji, anatafuta dansi la kesho ili alipe hoteli ya jana. Alirudi nyumbani na deni la zaidi ya dola 100,000 za enzi hizo, ameuza haki za nyimbo zake, na alikiri kwamba aliwahi kufikiria kujiua. Alisema hapo ndipo alipogundua kwamba kuna muziki na kuna biashara ya muziki, na kwamba yeye alikuwa anajua kimoja tu.

Wazee wangu wa bendi naona mnatikisa vichwa. Najua. Tuliowahi kulala kwenye basi kwa sababu mwenye ukumbi ametoroka na mapato ya mlangoni hatuhitaji kufafanuliwa.

Basi akaingia ofisini. Kampuni ya Mercury ikamwajiri, na mwaka 1964 akawa makamu wa rais wake, cheo ambacho hakuna Mweusi aliyekuwa amewahi kukishika katika kampuni kubwa ya rekodi ya Wazungu. Mwaka huo huo Sinatra akamtaka awapangie muziki yeye na Basie.

Hapa naomba tufanye kazi kidogo. Ule wimbo maarufu wa Sinatra unaoomba kurushwa mpaka mwezini, mtunzi wake aliuandika kwa mapigo matatu, ni waltzi. Pigeni makofi nami: moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu. Mnaona mwili unavyoyumba kando kando? Sasa Quincy aliuweka kwenye manne: moja-mbili-tatu-nne. Filimbi na tarumbeta zenye viziba mdomoni zinanong'ona kwa mbali, Basie anadondosha noti mbili tatu za piano, Sinatra anaingia kama mtu anayetembea barabarani mikono mfukoni. Bendi nzima ipo pale na haifanyi kitu. Inamsubiri. Halafu ubeti wa pili ukishapita ndipo inafungua mlango na kutoka nje kwa kishindo. Maneno ni yale yale, lakini mwendo umebadilika kabisa. Hicho ndicho ninachokiita kupanga. Mwaka 1966 walirekodi moja kwa moja katika hoteli ya Sands, Las Vegas, Quincy akiwa amesimama mbele ya bendi ya Basie anaongoza. Las Vegas ile ile ambayo miaka michache nyuma wapigaji weusi walikuwa wakiingilia mlango wa jikoni.

Kwenye filamu mlango ulikuwa mzito zaidi. Sidney Lumet alimpa nafasi katika filamu ya mwenye duka la rehani, akafungua njia. Alipopewa ile iliyotokana na kitabu cha Truman Capote kuhusu mauaji ya familia moja huko Kansas, Capote alimpigia simu mwongozaji kuuliza kwa nini mtu mweusi anatunga muziki wa filamu isiyo na weusi. Quincy ndiye aliyesimulia hayo, na akasema baadaye Capote alimwomba radhi. Sikilizeni alichofanya: wauaji ni wawili, naye akaweka besi mbili kubwa za mbao, kila muuaji na besi yake, zinakaribiana na kuachana. Huhitaji kuziona sura zao ili ujue wako chumbani. Muziki huo ulimpatia uteuzi wa Oscar, na mwaka 1971 akawa Mweusi wa kwanza kuongoza okestra ya sherehe yenyewe ya tuzo hizo. Oscar ya utunzi, hata hivyo, hakuipata kamwe. Kila alipoteuliwa alirudi mikono mitupu, ingawa mwaka 1995 walimpa ya heshima kwa huduma zake kwa watu.

Agosti 1974 mshipa ulipasuka kichwani. Madaktari hawakumpa matumaini makubwa, na marafiki wakaanza kuandaa tamasha la kumbukumbu. Akapasuliwa, akagundulika na mshipa mwingine wenye hatari, akapasuliwa tena. Tamasha halikuahirishwa, na marehemu mtarajiwa akaja, akakaa na daktari wake kando yake, kaonywa asisisimke. Aliwasikiliza rafiki zake wakimlilia. Akatoka hai na miaka 50 mbele yake, lakini tarumbeta ikaishia hapo. Shinikizo la kupuliza lingeweza kumuua. Hebu niulizeni mimi mpulizaji hilo maana yake nini. Chombo ulichokishika tangu utotoni unakiweka kwenye sanduku lake na kulifunga. Kilichobaki ni penseli.

Na ndipo, sasa, Michael. Kampuni ya Michael haikumtaka Quincy kwa sababu walimwona mtu wa jazi. Kijana akasimama na mzee wake. Albamu ya kwanza ikatoka 1979. Ya pili, ile ya Novemba 1982 iliyouzwa kuliko albamu zote duniani, nitasema jambo moja tu juu yake, kwa sababu mengine mnayajua kuliko mimi. Walipomaliza na kukaa kuisikiliza ikiwa imekatwa kwenye sahani, ilikuwa mbovu. Michael alilia. Sababu ni ya kifundi kabisa: walijaza muziki mwingi mno kila upande, na sahani ya santuri ikijazwa sana mifereji inabanana, sauti inakonda, besi linakufa. Kampuni inasubiri mzigo. Quincy, fundi mitambo wake Bruce Swedien na mtunzi wao Mwingereza Rod Temperton wakarudi mezani, wakakata ubeti hapa, wakafupisha utangulizi pale, wakachanganya upya wimbo mmoja kwa siku. Ninyi mnaoachia wimbo saa nane usiku na asubuhi mnauondoa kwa sababu sauti imepasuka, hilo nimewaletea ninyi.

Na si kila alichosema kilikuwa sahihi. Aliuona utangulizi wa "Billie Jean" mrefu mno, Michael akamjibu kwamba ndio unaomfanya atake kucheza. Mzee akanyamaza, na alikuwa na haki ya kunyamaza. Jingine halinifurahishi hata leo: katika wimbo wa kwanza wa albamu ile mna kibwagizo kilichotoka kwa Manu Dibango wa Cameroon, na jina lake halikuwekwa. Dibango alidai, wakamalizana nje ya mahakama. Mtu aliyejua kila noti inatoka kwenye mdomo wa nani alitakiwa ajue na hiyo. Uzeeni pia ulimi ulimponza. Mwaka 2018 alitoa mahojiano akawasema wenzake hai na wafu, mpaka binti zake sita wakamweka kikao, akaomba radhi hadharani. Hata akina Quincy wana kikao cha familia.

Kiswahili chetu kiliingia studioni kwake mara mbili, na mara zote mbili kwa kukosea njia. Usiku wa tarehe 28 Januari 1985, Hollywood, mastaa zaidi ya 40 wamekusanyika kurekodi wimbo wa kuchangia wenye njaa Ethiopia. Quincy ametundika tangazo mlangoni kwamba kila mtu aache ukubwa wake nje. Yeye ndiye anaongoza, na asubuhi inakaribia. Stevie Wonder akapendekeza waimbe mstari wa Kiswahili. Mwimbaji mmoja wa muziki wa kantri, Waylon Jennings, hakuona mantiki, akaondoka. Kisha ikabidi waelezwe kwamba Waethiopia hawasemi Kiswahili. Basi kikaachwa. Miaka miwili baadaye, kwenye albamu ya mwisho ya Quincy na Michael, kikarudi: wimbo unaomsifu msichana wa Liberia unafunguliwa na sauti ya mwanamke akinong'ona Kiswahili. Liberia nako, kama mjuavyo, hakisemwi. Anayenong'ona ni Letta Mbulu wa Afrika Kusini, ambaye yeye na mumewe Caiphus Semenya walishafanya kazi na Quincy mwaka 1977 katika muziki wa tamthilia ya televisheni juu ya ukoo wa Kunta Kinte. Kwa hiyo mna Mmarekani, Mliberia na Mwafrika Kusini, na katikati yao wametuazima neno "mpenziwe". Si "mpenzi wangu". Mpenziwe! Neno la mashairi ya pwani, na bado la nafsi ya tatu. Nani aliwapa sijui, ila kila likipita redioni mke wangu husema, "Mpenzi wa nani sasa?"

Alifariki nyumbani kwake Los Angeles tarehe 3 Novemba 2024, ana miaka 91, ana tuzo 28 za Grammy. Tuzo ni za kabati. Mimi nina picha yangu moja ninayomkumbukia, nayo si ya Michael wala ya Sinatra.

Ni Montreux, Uswisi, tarehe 8 Julai 1991. Miles Davis, mpiga tarumbeta wa jazi, alikuwa mtu asiyegeuka nyuma. Muziki alioupiga miaka ya 1950 na rafiki yake Gil Evans, mpangaji mkubwa kuliko wote kwa masikio yangu, alikataa kuurudia kwa zaidi ya miaka 30. Quincy alimbembeleza miaka na miaka. Mwishowe akakubali. Gil alishafariki mwaka 1988, kwa hiyo jukwaani kuna bendi mbili zimeunganishwa, karatasi zimetandazwa kwenye stendi, na Quincy amesimama mbele yake kuziongoza. Miles amekaa, amechoka, mgonjwa. Pembeni yake wamemweka kijana, Wallace Roney, mwenye tarumbeta mkononi, ampokee pale pumzi inapopungua. Wanapokezana, mzee na kijana, na kuna mahali huwezi kutofautisha ni nani. Mbele yao kuna mtu ambaye zilikuwa zimepita karibu miaka 17 tangu akatazwe kupuliza. Haongozi kwa mbwembwe. Anatazama karatasi, anamtazama Miles, anainua mkono wa kushoto taratibu kuwaingiza wapulizaji, kwa sauti ya chini, wasimfunike.

Miles alifariki tarehe 28 Septemba mwaka huo huo.

Kijana wa mitambo, rekodi nimekupa tangu saa nne. Punguza taa kidogo, na hao wa mlangoni waingie wakae. Tusikilize.